Yasinta si Gugu Maji



Mama mmoja alifika ofisini kwetu parokiani pamoja na binti yake anayesoma darasa la sita. Haja yake ilikuwa moja tu. Alitaka jina la mtoto libadilishwe katika kitabu cha ubatizo. Jina lenyewe ni Yasinta, nalo alipewa na nyanya yake mzaa baba, ambaye sasa ni marehemu. Nikamwuliza mama, "Jina hili limekosa nini?" Akanieleza kwamba mwanafunzi mmoja alifunua kamusi ya Kiingereza, akakuta kuwa gugu maji huitwa kwa jina lililo karibu sana na Yasinta. Tangu siku ile watoto wenzake wanamwita Gugu. Binti amekataa kuandika jina lake juu ya daftari, na asubuhi nyingine hukataa hata kwenda shule.

Labda wapo watakaocheka wakisoma habari hii. Mimi sikucheka. Mtoto anayelionea haya jina lake la ubatizo hulionea haya jina alilopewa mbele ya Mungu, mbele ya wazazi na wasimamizi wake. Tena akina Yasinta si wachache katika nchi yetu. Wako wazee, wako masista, wako walimu, wako wasichana wanaobeba maji kisimani asubuhi hii. Basi jibu nililompa yule mama kwa ufupi, nalitoa leo kwa urefu, ili kila nyumba yenye Yasinta ipate la kumwambia mtoto wake.

Magugu mawili? Hapana, ua moja na gugu moja

Tuanze na hilo gugu, kwa kuwa ndilo lililoleta ugomvi. Ndugu zetu wa Kyerwa wanaokaa karibu na Mto Kagera wanalifahamu. Ni mmea unaoelea juu ya maji, majani yake ni mazito na yanang'aa, na maua yake yana rangi ya zambarau iliyochanganyika na buluu. Ukiliona siku linapochanua utasema ni bustani. Lakini kwa mvuvi ni adui. Hujifunga pamoja kama mkeka, mtumbwi usipite, nyavu zikanaswa, na chini yake maji yakakosa hewa hata samaki wakapungua.

Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika maji ya bonde la mto Amazon. Watu walilichukua kwa sababu ya uzuri wa maua yake, wakalipanda katika madimbwi ya bustani zao, likawashinda nguvu. Katika Ziwa Viktoria lilianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1980, na Mto Kagera ulikuwa mojawapo ya njia zake, maana mto huo hulibeba kutoka upande wa Rwanda na kulimwaga ziwani. Likipata joto na maji yenye rutuba, laweza kuwa maradufu kwa muda wa majuma mawili au hata chini ya hapo. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Uganda, Kenya na Tanzania waliachilia wadudu wadogo walio jamaa ya fukusi wanaokula mahindi ghalani. Wadudu hao hula majani ya gugu hilo na kulidhoofisha. Kufika mwaka 2000 lilikuwa limepungua sana, ingawa halikutoweka, na mara kwa mara hurudi.

Basi, kwa nini Waingereza wamelipa gugu hili jina lililo karibu na Yasinta? Ni kwa sababu ya sura ya ua tu. Aliyeliona kwanza alikumbuka ua jingine la kwao, akasema, "Hili lafanana na lile, ila hili ni la majini." Ni kama sisi tunavyomwita mnyama fulani kiboko, na mjeledi nao tukauita kiboko. Mnyama hachapi mtu, na mjeledi hauogelei.

Ua lenyewe, lile lenye jina hilo kwa haki, ni jingine kabisa. Halioti majini. Huota katika udongo, kutoka katika tunguu lililo kama kitunguu, na shina lake moja hubeba maua mengi madogo yaliyoshikana pamoja, ya buluu, meupe, ya waridi au ya zambarau. Harufu yake ni nzuri, na ua moja latosha kunukisha chumba kizima. Kwao ni nchi za Uturuki, Siria na Lebanoni, karibu na nchi alikotembea Bwana wetu. Baadaye watu wa Ulaya walilipenda, na Waholanzi wakalilima kwa wingi sana. Wataalamu wa mimea wakiyaweka maua hayo mawili kila moja kwa ukoo wake, hawayaweki katika ukoo mmoja. Aliyemcheka Yasinta kwa ajili ya gugu maji alikosea mmea.

Jina lilitoka wapi

Sasa tuende mbali zaidi, maana jina ni la zamani kuliko hilo ua la bustani.

Wayunani wa kale, kabla hawajaijua Injili, walikuwa na hadithi ya kijana mzuri sana aitwaye Hiakinthos, aliyekaa Amikle, karibu na mji wa Sparta. Walisema kwamba mungu wao Apolo alimpenda, wakawa wanacheza pamoja mchezo wa kurusha kisahani kizito. Siku moja kisahani kilimpiga kijana kichwani akafa. Wengine wakasimulia kwamba upepo wa magharibi ulimwonea wivu, ndio uliokipeleka kisahani vibaya. Palipomwagika damu yake pakaota ua, na juu ya majani ya ua hilo Wayunani walidhani wanaona alama za herufi za kilio. Hata ua hilo la hadithi, wataalamu wengi wanaona huenda halikuwa hili tunaloliita hivyo siku hizi.

Hiyo ni hadithi ya wapagani, wala hatuiamini. Lakini si vibaya kuijua, maana yatuonyesha neno hilo lilikuwa na maana gani masikioni mwa watu wa kale. Lilimaanisha ujana, uzuri, na kifo kilichozaa kitu kizuri.

Neno hilo hilo Wayunani walilitumia pia kwa rangi, na kwa kito cha thamani. Walipotafsiri Agano la Kale kwa lugha yao, kabla ya Kristu kuzaliwa, walipofika kwenye joho la Haruni kuhani, katika kitabu cha Kutoka, sura ya 28, rangi yake ya buluu waliiandika kwa neno hilo. Na mwishoni kabisa mwa Maandiko Matakatifu, katika Ufunuo, sura ya 21, Mtakatifu Yohane anapohesabu vito kumi na viwili vya misingi ya Yerusalemu mpya, kito cha kumi na moja ndicho hicho. Nenda ukasome mwenyewe aya ya 20.

Na jambo hili ndilo lililomfurahisha yule binti kuliko yote. Neno hilo la Kiyunani lilisafiri upande wa mashariki, likapita katika lugha nyingine, likafika kwa Waarabu, nao wakalitamka "yakut". Kutoka kwa Waarabu likafika pwani yetu, nasi tunasema yakuti. Basi Yasinta na yakuti ni watoto wa neno moja. Mmoja alipita njia ya Roma, mwingine alipita njia ya Uarabuni, wakakutana tena katika Kiswahili. Mtoto akiulizwa maana ya jina lake, na aseme: "Ni ua, na ni yakuti."

Wale waliolibatiza jina hili

Lakini sisi Wakristu hatumwiti mtoto Yasinta kwa ajili ya ua, wala kwa ajili ya kito, sembuse hadithi ya Apolo. Twamwita hivyo kwa ajili ya watu wa Mungu waliolichukua jina hilo wakalitakasa kwa maisha yao.

Wa kwanza ni Hyasinti, shahidi wa Roma. Kanisa humkumbuka pamoja na mwenzake Proto, tarehe 11 Septemba. Mwaka 1845, katika makaburi ya chini ya ardhi yaliyo kando ya njia ya kale iitwayo Salaria, kaburi lake lilipatikana likiwa bado limefungwa. Ndani yake mlikuwa na mifupa iliyoungua moto, na masalio ya kitambaa cha thamani. Maana yake, Wakristu wa siku zile walikusanya mabaki ya ndugu yao aliyeuawa kwa moto, wakayafunga kwa nguo nzuri kuliko zote walizokuwa nazo. Juu ya jiwe wameandika siku ya maziko na jina lake, na jina limeanza kwa herufi Y: Yacinthus. Basi anayedhani kwamba sisi wa huku tumeliharibu jina kwa kuliandika kwa Y, na atazame jiwe hilo.

Wa pili ni Mtakatifu Hyasinti wa Poland, ambaye watu wa kwao humwita Jacek. Alipokea kanzu ya utawa Roma kwa Mtakatifu Dominiko mwenyewe, akarudi kwao kuhubiri, akatembea kwa miguu nchi nyingi za kaskazini. Alifariki huko Krakow tarehe 15 Agosti 1257, siku ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1594.

Wa tatu ni mwanamke, naye ana fundisho kwa wasichana wetu. Ni Mtakatifu Yasinta Mariscotti wa Italia, aliyezaliwa mwaka 1585 katika nyumba ya wakuu. Jina lake la ubatizo lilikuwa Clarice. Alitazamia kuolewa, lakini mdogo wake akaolewa mbele yake, akaingia utawani Viterbo kwa moyo wa uchungu. Huko alipewa jina la Yasinta. Kwa muda wa miaka mingi alikuwa mtawa wa jina tu. Alikuwa na chumba kizuri, vyombo vizuri na chakula chake mwenyewe. Kisha akaugua, padre aliyekuja kumwungamisha akaona anasa zile akamkaripia. Tangu hapo akageuka kabisa. Akagawa vitu vyake, akafanya kitubio, na tauni ilipoingia mjini akawa mstari wa mbele kuwasaidia wagonjwa. Alifariki tarehe 30 Januari 1640, akatangazwa mtakatifu mwaka 1807. Kwa miaka mingi alikuwa na jina zuri bila matendo, na matendo yalipofuata, jina likapata maana.

Wa nne ni mtoto. Yasinta Marto, au Jacinta kama Wareno wanavyoandika, alizaliwa mwaka 1910 katika kijiji cha Aljustrel, parokia ya Fatima. Alikuwa mchunga kondoo, kama vile watoto wetu wanavyochunga mbuzi. Mwaka 1917, kuanzia tarehe 13 Mei mpaka 13 Oktoba, yeye na kaka yake Fransisko na binamu yao Lusia walitokewa na Bikira Maria. Mwaka uliofuata homa kali ya mafua iliyoenea duniani kote iliingia nyumbani kwao. Fransisko akafa mwaka 1919. Yasinta alifanyiwa upasuaji hospitalini Lisboni, akafa huko tarehe 20 Februari 1920, bila mzazi kitandani pake, hajatimiza miaka kumi. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alimtangaza mwenye heri tarehe 13 Mei 2000, na Baba Mtakatifu Fransisko akamtangaza mtakatifu tarehe 13 Mei 2017, pale pale Fatima. Sikukuu yake ni tarehe 20 Februari.

Nilipomwambia binti yule kwamba yuko Yasinta mbinguni aliyekufa akiwa mdogo kuliko yeye, alinyamaza. Kisha akauliza, "Naye walimcheka?" Nikamwambia ndiyo. Watu wengi walimcheka kwa ajili ya yale aliyosema ameyaona, tena yeye na wenzake walichukuliwa na mtawala wa wilaya wakatishwa ili waikane habari yao. Hawakuikana.

Jinsi lilivyotufikia

Mapadre Weupe walifungua misioni ya Kashozi, upande wa Bukoba, mwaka 1892. Shirika lao lilianzishwa Algeria mwaka 1868 na Mfaransa, Kardinali Lavigerie, na wengi wa mapadre wa kwanza walikuwa watu wa lugha ya Kifaransa. Katika Kifaransa herufi h haisikiki, na c hapo husikika kama s. Ukilisoma jina la Kilatini Hyacintha kwa ulimi wa namna hiyo, utapata Yasinta bila shida. Tena sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwaagiza maparoko wahakikishe kila mbatizwa anapewa jina la Kikristu, na kama wazazi hawakubali, paroko aongeze jina la mtakatifu na kuyaandika yote mawili. Ndiyo sababu vitabu vya zamani vimejaa majina ya kalenda ya Kilatini. Sheria ya sasa, ya mwaka 1983, kanuni ya 855, yataka tu jina lisiwe geni kwa maana ya Kikristu. Kwa hiyo leo mtoto aweza kubatizwa Kemilembe, yaani wa amani, na padre asikatae.

Yasinta si peke yake katika bustani hii. Susana ni neno la Kiebrania lenye maana ya yungiyungi. Roza ni waridi, na Mtakatifu Roza wa Lima, aliyefariki mwaka 1617, alibatizwa Isabela, lakini watu wakamwita Waridi kwa uzuri wa uso wake. Ndugu zetu Waislamu wa pwani nao wana Waridi, Asumini na Zahara, na Zahara ni neno la Kiarabu linalotaja ua na mng'ao. Naye Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, ambaye jina lake halina ua ndani yake, dunia nzima humwita Ua Dogo kwa sababu alijiita hivyo mwenyewe. Wengine walipewa ua katika jina, yeye alilitia mwenyewe.

Mambo matatu kwa wazazi

La kwanza. Kitabu cha ubatizo ni ushuhuda wa jambo lililotendeka siku fulani. Karani hana ruhusa ya kufuta jina kwa sababu limechekwa. Anayependa aweza kuchukua jina la mtakatifu mwingine siku ya Kipaimara, lakini lile la ubatizo labaki.

La pili. Andikeni jina kwa namna moja. Katika vitabu naona Yasinta, Jasinta, Jacinta, Hyasinta na Hyacintha, na yote ni jina moja. Kanisani hilo halina dhambi. Lakini mtoto akiwa Yasinta katika cheti cha ubatizo, Jacinta katika cheti cha kuzaliwa na Jasinta katika cheti cha shule, atakuja kutaabika siku ya kutafuta kitambulisho cha taifa, au kazi, au ndoa. Atalipa nauli mara nyingi, na kuapa mbele ya wakili kwamba watu watatu hao ni yeye mmoja. Mzazi akienda kuandikisha mtoto, achukue cheti cha ubatizo mkononi, asitegemee sikio la mwandishi.

La tatu, ndilo kubwa. Mwambieni mtoto jina lake ni la nani. Tunawapa watoto majina ya watakatifu, kisha hatuwaambii habari zao hata siku moja. Matokeo yake wa kwanza kumweleza mtoto maana ya jina lake anakuwa mtani wa darasani. Kama nyanya angalikuwa hai, pengine angalimweleza mjukuu wake jambo hili jioni moja tu jikoni, na kamusi isingalimtisha. Nyanya hayupo, basi kazi hiyo ni ya baba na mama. Haihitaji vitabu vingi. Jueni siku ya sikukuu ya mtakatifu wake, siku hiyo mwiteni jina lake kamili, salini naye, na mwambieni habari zake kwa maneno machache.

Wazee walisema, jina jema hung'aa gizani. Nao watoto wanaoutumia utani huu wasipigwe, bali wafundishwe. Mwalimu akitaka, hili laweza kuwa somo zuri la sayansi na la dini kwa siku moja: gugu la mto wetu, ua la Lebanoni, na mtoto wa Fatima.

Kwa akina Yasinta wote, na akina Hyasinti, nawatakia baraka.

Ni mimi karani wenu,
Nyaishozi, Karagwe.